Wamama wa Panda: Njia Ndefu ya Imani na Kujitolea



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuandika majina ya mapadri waliotutangulia, miaka ya kujenga na hesabu ya waliobatizwa. Hayo ni mema, nasi hatuyadharau. Lakini katika ukurasa huu tumependa kusimulia habari za watu ambao karatasi za zamani zinawataja kidogo sana, yaani wamama wa kambi. Baba aliyefanya kazi katika kampuni alikuwa na namba yake na kadi yake, na siku zake za kazi zilihesabiwa moja moja. Mama aliandikwa nyuma ya jina la mume, pamoja na watoto na kipimo cha posho. Kwa hiyo anayetafuta historia yetu katika vitabu vya kampuni ataona mikono iliyochimba na kuyeyusha shaba. Hataona mikono iliyoshika rozari usiku, iliyoosha maiti ya mgeni asiye na ndugu, iliyofagia kanisa kabla ya jua kutoka.

Hatusimulii maisha ya mama mmoja tu. Tunasimulia maisha ya kizazi kizima. Na ili msomaji aishike vizuri miaka, tumfikirie binti aliyezaliwa kijijini mwaka 1912. Njia ya treni ya Kasai ilipofunguliwa, binti huyo alikuwa na umri wa miaka 16. Wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi alikuwa na 29, wakati wa uhuru 48, na wakati wa machozi ya stesheni ya Likasi alikuwa bibi wa miaka 80. Aliyejaliwa na Mungu maisha marefu aliweza kuyaona hayo yote kwa macho yake mwenyewe.

I. Safari

Udongo huu ulijua shaba kabla ya kampuni. Wasanga na watu wengine wa inchi hii waliichimba na kuiyeyusha, wakaifanya misalaba iliyouzwa mbali. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Njia ya treni kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru za Lubumbashi zilianza kazi. Mwaka 1918 treni ilifika Bukama, penye mto Lualaba. Mwaka 1921 hapa Panda kikaanza kazi kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba, na mwaka 1929 kikafuata kile cha Shituru, ambako shaba ilisafishwa kwa nguvu ya umeme. Mji ukaitwa Jadotville mwaka 1931, na ukarudishiwa jina lake la Likasi mwaka 1966.

Katika miaka ya kwanza kampuni iliita wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi michache. Walilala wengi pamoja, walikula vibaya, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliwaua. Homa kubwa ya miaka 1918 na 1919 ikazidisha makaburi. Wengi walikimbia kabla ya kumaliza mkataba, na habari za vifo zilipofika vijijini, vijana walijificha wasiandikwe. Mwisho kampuni ilipiga hesabu upya. Kuanzia karibu mwaka 1928 ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikajenga nyumba za watu wa ndoa, ikalipa safari ya mke, ikakopesha hata mahari. Iliona kwamba mtu mwenye mke hakimbii, anakula chakula kilichopikwa vema, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Tusifiche neno hilo: wamama wetu waliitwa Panda kwa faida ya kazi. Yale waliyoyafanya walipofika, hayo hayakuwa katika hesabu ya kampuni.

Na waliitoka wapi njia hiyo? Wengine walitoka karibu, katika vijiji vya Wasanga, Walamba na Waluba wa Katanga. Wengine walitoka Luapula na ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walitoka Lomami na Kasai. Hao, kabla ya mwaka 1928, walitembea kwa miguu siku nyingi hadi Bukama, na baada ya mwaka huo walipanda treni iliyotoka Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui. Wengine walitoka Rwanda na Burundi: walivuka ziwa Tanganyika, wakapanda treni kule Kalemie hadi Kabalo, wakaingia mashua ya moshi juu ya Lualaba hadi Bukama, kisha treni tena hadi huku. Tufikiri kidogo. Binti ambaye hajavuka hata mto wa kijiji cha jirani anaacha mama yake, anafunga nguo mbili na chungu kimoja, anapanda gari la chuma ambalo hajaliona, anamfuata mume anayemjua kwa siku chache tu, kwenda mahali ambapo hatasikia lugha ya mamaye. Watu husifu wasafiri wa Ulaya waliopita inchi hii wakibebewa mizigo yao. Sisi tunawasifu hawa, waliobeba mizigo yao wenyewe, na wengine walibeba na mimba.

II. Lugha ya bombani

Walipofika kambini walikuta nyumba zimepangwa kwa mistari, na kila mlango lugha yake. Wababa walijifunza Kiswahili kazini, na Kiswahili kile kilikuwa hasa cha amri: leta, beba, pima, haraka. Wamama walijifunza Kiswahili bombani, penye foleni ya maji na penye siku ya posho, walipopokea unga, samaki au nyama, mafuta ya mawese na chumvi. Huko waliulizana habari za homa ya mtoto, waliazimana kinu, walifundishana kupika sombe kwa namna ya inchi nyingine. Watoto waliozaliwa katika nyumba hizo walisikia Kiswahili hicho tangu mgongoni mwa mama. Hivyo lugha ya amri iligeuka kuwa lugha ya kubembeleza mtoto, na baadaye lugha ya kuungama zambi na ya kuita jina la Bwana. Tunaposema leo Baba yetu kwa sauti moja, sisi wana wa makabila mengi, tukumbuke kwamba umoja huo wa midomo ulianza na ndoo kichwani.

III. Misioni na kambi

Jimbo la kiroho la Katanga liliundwa mwaka 1910, likakabiziwa Wabenediktini wa Abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges, Ubeleji. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu mwaka 1932, akaongoza hadi kifo chake mwaka 1958. Mapadri hao walifundisha dini katika kambi, na masomo ya watoto wa wafanyakazi yaliwekwa mikononi mwa misioni kwa mapatano na kampuni. Masista na wauguzi walisaidia wamama katika nyumba za kuzalia, katika kupima uzito wa watoto, na katika mafundisho ya kushona na kutunza nyumba.

Mapatano hayo yalikuwa na uzito wake. Wako wazee walioona kwamba Kanisa la wakati ule lilisimama karibu mno na kampuni na serikali ya Wabeleji, na historia haiwasingizii uongo. Lakini mama alikuwa na akili ya kuchagua. Alipokea sabuni, sindano, dawa na maziwa ya mtoto. Alipokea pia Habari Njema, akaitumia kwa shida ambazo kampuni haikuziweka katika mpango wake. Shida ya kwanza ilikuwa upweke. Kijijini mtu akifa, ukoo unalia, unaosha, unazika. Kambini ukoo haupo. Basi majirani walifanyika ukoo. Wamama Wakristu walikusanyika kwenye kilio, wakachanga unga na kuni, wakaimba usiku kucha, wakamsindikiza maiti kama mtoto wa nyumba yao. Kadhalika kwa mzazi asiye na mama mkwe wala dada: walimpikia, walimwoshea nguo, walimshikia mtoto. Hakuna aliyewalipa. Nao hawakuliita jambo hilo kazi ya kujitolea. Kwao lilikuwa sehemu ya ubatizo.

IV. Mwaka 1941

Wakati wa vita vya pili vya dunia mataifa yalihitaji shaba nyingi ya Katanga. Kazi iliongezeka, bei ya nguo na vitu vya dukani ilipanda, mshahara haukufuata. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi, hapa Panda na Shituru kama kule Elisabethville. Askari walipiga risasi, na watu walikufa. Kule Elisabethville, tarehe 9 Desemba, wafanyakazi waliokusanyika katika uwanja wa mpira walipigwa risasi, makumi wakafa. Wakati ule mfanyakazi mweusi hakuwa na ruhusa ya kuunda chama. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1946.

Tunataja siku hizo kwa sababu historia huhesabu waliokufa na kusahau waliobaki. Mjane wa kambi hakuwa na lupangu lake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na posho ilitoka kwa kazi ya mume. Mume akifa, mama alipoteza katika juma moja mwenzake, chakula na paa. Mahali pa kukimbilia palikuwa kwa wamama wenzake, ambao nao walikuwa na kipimo cha chakula kilichohesabiwa. Aliyegawa posho yake katika siku kama hizo aligawa kweli, kama yule mjane wa Injili aliyetia senti zake mbili.

V. Baba na mama katika Jamaa

Baada ya vita kulitokea jambo ambalo lilimpa mama sauti mpya. Padri Placide Tempels, Mfransiskani Mbeleji aliyefika Kongo mwaka 1933, alikuwa ametoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Karibu mwaka 1953, kule Ruwe karibu na Kolwezi, alianza kukutana na watu wa ndoa wa kambi, wala hakuja kuwafundisha tu, alitaka pia kuwasikiliza. Kutoka hapo kikazaliwa kikundi cha Jamaa, kikaenea katika miji ya madini, na Likasi haikubaki nyuma.

Katika Jamaa mtu haingii peke yake. Wanaingia baba na mama pamoja, wanaulizana mawazo ya moyo, wanatafuta umoja kwa mfano wa Bwana Yesu na Mama Maria. Kwa mama wa kambi hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwanamke aliyezoea kuandikwa nyuma ya jina la mume sasa aliketi pamoja naye mbele ya padri, akasema yaliyo moyoni mwake, na mume akasikiliza. Waliofundishwa waliitwa watoto wa wale waliowafundisha, kwa hiyo hata mama aliyenyimwa uzazi wa mwili aliweza kuitwa mama kwa kuzaa kwa roho. Baadaye kulikuwa na magumu: vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu walilazimika kuvirudi. Lakini tunda jema lilibaki katika nyumba nyingi, nalo ni mazungumzo ya mume na mke yanayoanza kwa sala.

VI. Uhuru, vita na majina

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Mwezi wa Septemba 1961 askari Waayalandi wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa Jadotville, wakapigana siku tano, wakakamatwa. Mwanzoni mwa Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia mjini, na kujitenga kukaisha. Mama wetu wa mwaka 1912 alikuwa sasa bibi wa miaka 50, mwenye wajukuu wa kuficha chini ya kitanda bunduki zinapolia.

Kampuni ilichukuliwa na serikali tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni, na vikundi vya vijana vya Kanisa vikafungwa. Mwishoni mwa mwaka 1974 masomo ya misioni yalitwaliwa na serikali, na mafundisho ya dini yakaondolewa darasani. Masomo yalirudishwa kwa Kanisa mwaka 1977. Katika miaka hiyo mitatu katekisimu ilikuwa na kimbilio moja lililo hakika, yaani nyumbani na katika shirika la jirani. Serikali iliweza kufuta jina katika karatasi. Haikuweza kumzuia bibi kumwita mjukuu wake kwa jina la mtakatifu wakati wa kumpa chakula. Na tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Anuarite Nengapeta kuwa mwenye heri huko Kinshasa, wamama walipata msichana wa inchi yetu wa kumwita katika sala zao, aliyeuawa mwaka 1964 kwa kulinda nadhiri yake.

VII. Stesheni ya Likasi

Tumefika penye kidonda. Mwezi wa Agosti 1992, kule Kinshasa, serikali mpya ilichaguliwa katika Mkutano Mkuu wa Taifa, na ugomvi wa wanasiasa ukashuka hadi kwetu. Tangu Septemba watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao katika mji wa Likasi. Nyumba zilivunjwa na kuchomwa, watu waliuawa. Makumi ya maelfu walikusanyika katika stesheni ya treni na katika masomo, wakangoja miezi mingi chini ya jua na mvua. Watoto walikufa pale kwa kuhara na kwa surua. Treni zilipokuja zilijaa kupita kipimo, na wengine walikufa njiani.

Msomaji akumbuke njia ile ya treni. Ni ile ile iliyofunguliwa mwaka 1928, iliyowaleta mabibi arusi wa Kasai kuja kujenga nyumba za Panda. Aliyekuja na miaka 16 akiongozwa na mume, sasa aliondoka na miaka 80 akibebwa na wajukuu, kwenda kijiji ambacho wajukuu hao hawakukijua, kuongea lugha ambayo wengi wao hawakuisikia nyumbani. Kambi ilikuwa imemfanya mtu wa Panda kwa miaka 64, na siasa ikamfanya mgeni kwa juma moja.

Katika siku hizo wako waliofunga mlango, na wako waliofungua. Wako walioficha majirani usiku, waliopeleka bukari na maji stesheni huku wakitukanwa, waliochukua mtoto wa ubatizo wakamlea kama wao. Mashirika ya Kanisa na waganga wa mbali walifika pia kusaidia. Hatuandiki haya ili kufungua kesi. Tunaandika kwa sababu jubilei katika Maandiko Matakatifu ni mwaka wa kurudishiana: kila mtu atarudi katika urithi wake, na kila mtu katika ukoo wake. Parokia haiwezi kupiga vigelegele na kuacha swali hili nje ya mlango wa kanisa. Wamama waliotuunganisha bombani, tuliwalipa nini?

VIII. Jasho la mama

Gécamines ilianguka polepole, mishahara ikakosekana miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi 10 655 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa feza kwa mara moja. Feza hiyo haikukaa. Nyumba iliyongoja mshahara wa baba miaka 70 ikaanza kula jasho la mama. Mama alitafuta shamba nje ya mji, akauza makala, unga, samaki kavu na nguo za mitumba, akachangiana feza na wenzake kwa zamu ili kulipa masomo ya watoto. Na siku ya Mungu mama huyo huyo aliweka kikapu cha mihogo mbele ya altare. Waliofikiri kwamba kampuni ndiyo iliyobeba Panda waliona wenyewe: kampuni ilipolegea, Panda ilibaki imesimama juu ya mabega yale yasiyo na namba.

IX. Neno kwa vizazi

Tufanye nini basi? Sala na nyimbo ni za kwanza, lakini hazitoshi. Tunaomba kila shirika la parokia liketi na wabibi wetu ambao bado tunao, na kuandika katika daftari moja jina la kila mmoja, la kijiji na la ubatizo, mahali alipozaliwa, njia aliyopita kufika hapa, watoto aliozaa na watoto wa wengine aliowalea. Tuandike pia majina ya wale walioondoka mwaka 1992 na 1993, na ya wale waliorudi. Daftari hilo liwekwe pamoja na vitabu vya ubatizo vya parokia, maana nalo ni kitabu cha uzazi.

Kampuni iliwaita wamama hawa kwa hesabu yake, Mungu akawaita kwa jina. Awapumzishe kwa amani waliolala, awape nguvu wanaotembea bado kwa fimbo kuja Misa ya asubuhi, na atupe sisi watoto wao ujasiri wa kufungua mlango.

Mama Maria, Mama wa Kanisa, utuombee.